Uraka wa usiku mmoja: vikombe vinne kutoka barabara ya Newala

Kwenye kilabu cha uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho, swali la kwanza si bei. Ni hili: "Shikamoo mama. Umekamuliwa lini?" Muuzaji anayejibu, "Marahaba baba, jana, adhana ya alasiri ilinikuta nafunika ndoo," ameshakupa nusu ya unachotaka kujua kabla hujashika kikombe. Anayejibu, "Mpya huo, kunywa tu," naye amekupa jibu lake.

Uraka huhesabiwa kwa saa. Tembo la mnazi nalo liko hivyo, lakini mgema hupanda asubuhi na jioni, na kila mnywaji anajua lipi ni la asubuhi na lipi la jioni. Uraka hauna ratiba ya namna hiyo. Ndoo ya jana na ndoo ya juzi hukaa benchi moja, zimefunikwa vipande vya kanga ile ile, na kwa macho tu huzitofautishi. Vikombe vinne vinavyopimwa hapa ni vya Novemba, msimu wa mabibo ukiwa umekolea, vyote kutoka kwa wauzaji wadogo wa kando ya barabara inayotoka Mtwara mjini, ikapita Naliendele na Nanguruwe kuelekea Newala. Majina ya wauzaji hayamo. Ndoo ya mtu haifanani wiki mbili mfululizo, na sifa ya leo inaweza kuwa uongo ikifika Jumamosi.

Kwa asiye wa Kusini: uraka ni maji ya bibo yaliyochachuka. Bibo ndilo lile jekundu au la njano lenye maji mengi, ambalo korosho huning'inia chini yake. Wataalamu wa mimea husema si tunda, ni kikonyo kilichovimba, na tunda lenyewe ndiyo korosho. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukashika pwani ya Msumbiji na huku kwetu kana kwamba haukuwahi kuwa kwingine. Korosho huenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikaingia ghalani kusubiri mnada. Bibo, lenye uzito wa mara kumi hivi ya korosho yake, mara nyingi huozea chini ya mti. Ndiyo maana uraka ni rahisi kuupata: malighafi yake ni kitu ambacho mwenye shamba angekikanyaga.

Nipa haimo humu. Ile ni pombe ya moshi, inayopikwa kwa uraka au kwa kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa. Kuitengeneza bila leseni ni kosa, na makosa ya kuipika huua au hupofusha. Lakini jina la uraka lina ndugu wa ajabu. Kule Goa, India, ambako Wareno pia walipanda mikorosho, kuna kinywaji kinachoitwa urrak, ila chenyewe hutoneshwa kwa moto mara moja na nguvu yake huwa karibu asilimia 15. Sauti ya neno la Kiarabu araki inasikika kote kuwili. Mgeni kutoka Goa akiagiza uraka Nanguruwe ataletewa kitu chepesi mara tatu kuliko anachokitarajia, na huenda akashukuru.

Kikombe cha kwanza kilikuwa na umri wa saa nane hivi. Rangi ya njano iliyofifia, ukungu mwingi, povu karibu hakuna. Harufu ni ya bibo tupu. Mdomoni ni utamu kwanza, utamu wa kuganda midomo, kisha ukakasi unaokamata fizi na pande za ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Kileo kipo kidogo mno. Hii ni juisi iliyoanza kuamka. Mtoto asipewe kwa kudhani ni juisi, na mnywaji asilipie bei ya uraka. Tusipoteze muda nacho.

Cha pili ndicho kilicholeta tathmini hii. Ulikuwa umekamuliwa alasiri ya jana yake, ukachotwa saa tano asubuhi, yaani umri wa saa 20 hivi. Muuzaji hakuitikisa ndoo. Alizamisha kata polepole juu juu, akamimina kwenye jagi kupitia chujio la chai, akaliacha jagi litulie kidogo ndipo akajaza kikombe. Hatua hizo tatu zinaonekana ndogo, lakini zinatenga mashapo na kinywaji. Aliyechota kwa kuzamisha kata hadi chini angeleta tope la hamira, ambalo lina ladha ya unga mbichi na linaweza kulisumbua tumbo.

Rangi ilikuwa ya majani makavu ya mpunga, ukungu wa wastani. Ukiweka kidole nyuma ya bilauri unakiona kivuli chake. Povu jeupe jembamba lililodumu nusu dakika likaacha pete ukingoni. Harufu inakuja kwa zamu: nanasi lililoiva, ganda la pera, na nyuma yake kitu kibichi kama pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Hicho cha mwisho ndicho alama ya bibo, na asiyekizoea hukidhania kasoro. Kwenye ulimi vipovu vya gesi vinachoma kidogo, utamu unapita haraka, uchachu wa limao dogo unafuata, na mwisho ukakasi unafunga mlango. Mdomo unabaki mkavu, unaomba funda jingine. Hapo ndipo uzuri wake ulipo na ndipo hila yake ilipo.

Haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji (1.000), ilisoma 1.012. Kadiri sukari inavyogeuka kileo, namba hiyo hushuka. Anayepima asiisome mara tu baada ya kumimina, kwa sababu vipovu hukiinua kifaa. Hamisha uraka kati ya vikombe viwili mara kumi au zaidi mpaka gesi itoke. Tena vifaa vingi vimepangwa kwa nyuzi joto 20, na kinywaji cha kivulini Mtwara mwezi huo kiko karibu na 30, hivyo ongeza 0.002. Tunapata 1.014. Maji ya bibo lililoiva vizuri, yasiyotiwa kitu, huanzia mahali fulani karibu na 1.044. Toa 1.014 kwenye 1.044, zidisha kwa 131, unapata asilimia 3.9 ya kileo. Ni nguvu ya bia nyepesi ya chupa.

Watengenezaji wadogo wa bia wa Marekani wana aina wanayoiita blonde ale, bia ya rangi ya majani makavu, kileo kati ya asilimia 3.8 na 5.5, iliyopangwa makusudi isimshinde mtu. Mgeni wa bia akinywa anamaliza bilauri bila kukunja uso. Mzoefu anamaliza na haoni kama amedanganywa. Kazi ya kuzuia utamu wa kimea kule inafanywa na uchungu wa hopsi, maua machungu ya kukolezea bia, uliotiwa kidogo tu. Uraka wa usiku mmoja una mizani ile ile, ila aliyeshika upande wa pili ni ukakasi wa bibo. Hopsi hazipo, shayiri haipo, hakuna kilichochemshwa, na bado kinywaji kimesimama kwa miguu miwili. Ukakasi ukizidi, kinywaji kinakuwa dawa. Ukiondolewa wote, kinabaki maji matamu yenye kileo, na hayo yapo mengi madukani kwenye vichupa.

Tusiulinganishe kupita kiasi, hata hivyo. Blonde ale ikiwekwa baridi hukaa wiki nyingi na ladha yake. Uraka uliokuwa mtamu saa tano asubuhi, ifikapo saa mbili usiku ni kinywaji kingine.

Kikombe cha tatu kinaonyesha unaishia wapi. Ulikuwa wa siku ya tatu, na uliuzwa ghali kidogo kwa jina la "mkali". Haidromita, baada ya kurekebishwa, ilikuwa 1.000, kwa hiyo sukari imekwisha na kileo ni kama asilimia 5.8. Kwa hesabu ni kweli mkali zaidi. Lakini pua inapigwa na siki kabla kikombe hakijafika mdomoni, tunda limekufa, ukakasi umebaki peke yake bila utamu wa kuubembeleza, na koo linakwaruzwa. Wapo wanaoutaka hivyo, na muuzaji hawezi kulaumiwa kwa kumpa mteja anachoomba. Ila ieleweke kwamba ukali wa koo na ukali wa kileo ni vitu viwili. Kinachokwaruza ni asidi ya siki, na siki hiyo imetengenezwa kwa kula kile kile kileo ulicholipia. Ukiacha ndoo wazi siku mbili zaidi unapata siki nzuri ya kachumbari, na kwa kazi hiyo kikombe cha tatu kingepata alama za juu.

Cha nne kilinunuliwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, imesimamishwa kwenye meza ya barabarani juani. Kijivu. Si njano iliyochafuka, ni kijivu cha maji ya kusuuzia sufuria, na ladha ni ya kunyonya msumari. Sababu yake inajulikana kwa yakini: maji ya bibo yamekaa kwenye chombo cha chuma chenye kutu, debe au pipa. Tanini, ambayo ndiyo inayoleta ukakasi, ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Hakuna namna ya kuutibu uraka wa hivyo. Kikombe kilimwagwa.

Sasa kwa nini ndoo mbili za mabibo ya shamba moja zitofautiane kama cha pili na cha nne? Majibu mengi yako kabla ya kukamua.

Bibo la kutengenezea uraka ni lililoanguka usiku au alfajiri na kuokotwa kabla jua halijawaka. Linalokaa mchangani mpaka mchana linapasuka, linaingiwa na nzi wadogo wa matunda, na nzi hao hubeba vijidudu vya siki miguuni. Hapo umeshaanza na siki kabla ya uraka. Bibo lililochubuka halivuki siku moja. Liokote, litenge na korosho kwa kuzungushia uzi wa nailoni shingoni na kuvuta. Uzi hukata safi, korosho haibaki na nyama ya kuishusha daraja ghalani, na ganda halipasuki. Hilo la ganda lina uzito wake. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi, kila aliyewahi kubangua anayajua kwa vidole vyake. Korosho mbili tatu zikiingia kinuni na kupondwa pamoja na mabibo, uraka utawasha midomo na kuacha vidonda pembeni mwa kinywa, na mnywaji atasema "umekolea pilipili". Hakuna pilipili. Muuzaji alikuwa na haraka.

Halafu kuna salfa. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, wakati wa maua. Shamba lililochelewa kupuliziwa, au lililopuliziwa mara nyingi bila mvua ya kusafisha, hutoa mabibo yenye vumbi la njano kwenye mkunjo wa kikonyo. Chachu ikikutana na salfa hiyo hutoa harufu ya mayai yaliyooza. Ukiinusa kwenye kikombe, mimina uraka kutoka jagi hadi jagi mara tano sita mahali penye upepo. Ikiwa ni kidogo itaondoka. Isipoondoka, acha. Kinga yake ni ya bure: kuyaosha mabibo kwa maji mara moja kwenye beseni, haraka, bila kuyaloweka, maana yakilowekwa yanatoa utamu wake kwenye maji ya kumwaga.

Kwa ndoo ya lita 20 ya maji ya bibo unahitaji kilo 30 hadi 35 za mabibo, yaani kama 500 kwa hesabu ya bibo la gramu 60 au 70. Nyuma yake ziko korosho ghafi za kilo mbili na nusu hadi tatu zilizoshatengwa. Mkamuaji wa kikombe cha pili huponda kidogo tu, mara chache za mchi mpaka bibo lifunguke, kisha anakamua kwa mikono ndani ya kitambaa cha pamba. Mwingine hutwanga mpaka ngozi na nyuzi zinakuwa uji, ili apate lita mbili zaidi. Anazipata, ila lita hizo mbili ni za ukakasi: tanini nyingi imekaa kwenye ngozi na nyuzi. Anayetumia mfuko wa sandarusi uliobeba mbolea au viuatilifu asinunuliwe kabisa, hata ukioshwa mara saba. Vivyo hivyo dumu la dawa ya shambani. Angalia dumu lilikuwa la nini. Maandishi ya zamani hubaki, na usipoyaona nusa kifuniko.

Ukakasi unaweza kupunguzwa, na njia yake iko jikoni kwa kila mtu wa Kusini. Kerala, India, wanasafisha maji ya bibo kwa sago, yaani chembe za wanga, na sago yao hutokana na muhogo, huu huu. Kipimo ni gramu 5 kwa lita moja, kwa hiyo gramu 100 kwa ndoo. Tumia wanga uliotuama na kukaushwa, si unga wenye nyuzi. Upike kwa lita moja ya maji mpaka uji ung'ae, upoe kabisa, kisha koroga ndani ya maji ya bibo mara tu baada ya kukamua. Wanga hushikana na tanini, vinakuwa mawingu, mawingu yanazama. Kazi hii ifanyike kabla chachu haijaamka, kwa sababu gesi ikianza kupanda inayarudisha mashapo juu na umepoteza wanga wako. Uji ukitiwa wa moto unayapika maji ya bibo na kuyapa ladha ya jamu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo hapo kando ya mji, ambacho kinajulikana zaidi kwa mbegu za mikorosho, kimekuwa kikifundisha pia usindikaji wa mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo, na anayetaka kwenda mbali zaidi ya ndoo aanzie pale.

Maoni yetu ni kwamba ndoo nzima isisafishwe. Safisha nusu, nusu iache ilivyo, changanya kabla ya kufunika. Uraka uliosafishwa wote unateleza kooni bila kuacha kumbukumbu.

Kuchachuka kwenyewe hakuhitaji hamira ya dukani. Chachu iko kwenye ngozi ya bibo, na kwenye joto la nyuzi 30 inafanya kazi bila kusukumwa. Hamira ya mikate huharakisha mambo kwa saa chache na kuacha harufu ya andazi. Wapo wanaotia kikombe cha mashapo ya ndoo iliyopita. Inafaa ikiwa ndoo iliyopita ilikuwa nzuri, na ikiwa ilikuwa na siki umeirithisha. Ndoo ifunikwe kwa kifuniko chake, kilegezwe kidogo. Kanga peke yake inazuia nzi lakini haizuii hewa, na hewa ndiyo chakula cha siki. Ukikaza kabisa, gesi itainua kifuniko na kurusha povu ukutani, na dumu lililokazwa hupasuka kweli, si maneno. Ndoo ioshwe kwa maji ya moto. Sabuni ya unga yenye manukato huacha harufu kwenye plastiki na kuua povu.

Kuhusu sukari. Mabibo ya mwisho wa msimu, mvua zikiwa zimeshika, huwa na maji mengi na utamu kidogo, na muuzaji hushawishika kuongeza. Kilo moja ya sukari kwenye ndoo ya lita 20 huongeza asilimia 3 hivi za kileo ikichachuka yote. Ikitiwa mwanzoni inakubalika. Ikitiwa asubuhi ya kuuza, ili kuficha uchachu, unapata kinywaji kitamu juu na siki chini, kinachoendelea kuchachuka ndani ya chupa ya mteja. Dalili yake ni utamu usio na tunda: ulimi unaona sukari, pua haioni bibo. Maji ya kuongezea ujazo nayo yana dalili, povu linakufa mara moja na kikombe hakina mwisho, ladha inakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri.

Baridi isizidi. Uraka uliotoka kwenye friji ya soda unapoteza utamu na harufu, na ukakasi unajitokeza kama umeitwa. Mtungi wa udongo kivulini, au chupa iliyoviringishwa kitambaa kilicholowa na kuwekwa penye upepo, vinatosha. Cha kutafuna nacho kina kazi yake: chumvi na mafuta hulainisha tanini. Pweza wa kukaanga ni mzuri, korosho zilizokaangwa kwa chumvi ni nzuri zaidi, bibo na korosho zinakutana tena mdomoni. Ming'oko, viazi vya porini vya Kusini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, ikiwa bado inapatikana, inaushinda uraka mwepesi lakini kwa wa saa 24 inakwenda sawa. Nyama choma yenye limao nyingi haifai, uchachu juu ya uchachu.

Huduma kwenye kilabu cha kikombe cha pili ilikuwa ya adabu na polepole. Benchi mbili chini ya mwembe, vikombe vya plastiki vinavyosuuzwa kwenye beseni moja ambalo maji yake yalipaswa kubadilishwa mapema zaidi. Nenda na kikombe chako, hakuna atakayekukasirikia. Wengi wa majirani hawanywi, na wauzaji wazuri wanalijua hilo: wanakaa mbali na msikiti, hawapigi muziki, na kwa mpita njia asiyetumia kileo wana jagi la maji ya bibo yaliyokamuliwa saa hiyo hiyo. Hayo yana vitamini C ya mara nne au tano ya chungwa, na ukakasi wake wote. Yanywewe papo hapo. Yakifika nyumbani jioni si juisi tena.

Anayebeba uraka kupeleka Mtwara mjini kwa bodaboda ajaze dumu robo tatu tu na asikaze kifuniko. Akifika alisimamishe saa nzima bila kuligusa ili mashapo yashuke, ndipo amimine. Kwa anayeendesha mwenyewe, hesabu ni hii: lita mbili za asilimia 4.5 ni sawa na chupa nne za bia za nusu lita, na kwa sababu uraka hunywewa kama maji ya kiu, lita mbili hupita bila mtu kuhesabu. Tumbo tupu huongeza kasi.

Ukitaka kuupata wenyewe, fika kati ya saa nne na saa nane mchana, uliza wa jana alasiri, omba uchotwe juu juu. Usivae shati jeupe. Tone la maji ya bibo likikauka linakuwa kahawia, na halitoki.